Bushi za gari: mpira au poli? Niliyojifunza baada ya kulipa mara tatu

Mwaka juzi, asubuhi ya Jumatatu, nikiteremka kuelekea daraja la Mtwapa, boda boda iliyokuwa mbele yangu upande wa kushoto ilisimama ghafla kushusha abiria. Nikakanyaga breki. Gari lilipunguza mwendo, lakini kabla ya kusimama likavutwa kushoto kana kwamba kuna mtu amelishika kwa kamba, na chini ya miguu yangu nikasikia "ko!" moja nzito. Kioo changu cha pembeni kilisimama kiasi cha kiganja tu kutoka kwenye kiwiko cha yule abiria, mama aliyebeba kikapu cha sokoni. Hakuna aliyeumia. Mama akanitazama, akasema, "Baba, tengeneza gari," akashuka akaenda zake.

Alisema haki. Mlio ule nilikuwa nimeusikia wiki tatu nzima, nikajiambia ni shokabsoba, nitaishughulikia mwisho wa mwezi. Haikuwa shokabsoba. Ilikuwa bushi ya loa amu, yaani ule mkono wa chuma unaolishika gurudumu la mbele kutoka chini. Mpira wake ulikuwa umepasuka na kuachana na chuma, kwa hivyo kila nikishika breki gurudumu la kushoto lilirudi nyuma kidogo na gari likageuka bila mimi kugusa usukani.

Tangu siku ile nimebadilisha bushi za gari hilo hilo, Corolla Fielder la watu wa kawaida, mara tatu katika muda usiofika miaka miwili. Mara ya kwanza mpira, mara ya pili poli, mara ya tatu mchanganyiko. Mimi ni mwalimu wa shule, si fundi. Lakini swali la mpira au poli nimelisikia kwa madereva wengi wa hapa kwetu, na majibu wanayopewa ni yale yale niliyopewa mimi, nusu yake si kweli. Ndiyo sababu naandika.

Bushi ni nini hasa

Chini ya gari kuna mikono na vyuma vingi vinavyoshikilia magurudumu, na vyote lazima vipande na kushuka barabara inapopanda na kushuka. Chuma kikikutana na chuma moja kwa moja kitalia na kuliwa, na kila kokoto utaisikia kwenye meno. Basi kwenye kila maungio huwekwa bushi. Bushi ya mpira ya kawaida ina bomba fupi la chuma nje, bomba jingine jembamba ndani ambamo bolti hupita, na katikati yao mpira ulioshikanishwa na mabomba yote mawili kiwandani kwa gundi na joto.

Hapo pana jambo ambalo wengi hatulijui, na ndilo lililonila pesa. Bomba la ndani la bushi ya mpira halizunguki. Likishakazwa na bolti limefungwa pale pale. Mkono unapopanda na kushuka, kinachofanya kazi ni mpira wenyewe kujisokota na kurudi. Bana ngozi ya mkono wako kwa kidole kisha uisogeze: kidole hakitelezi, ngozi ndiyo inayovutika, na ukiachia inarudi. Bushi ya mpira iko hivyo hivyo. Haihitaji grisi, haina cha kusuguana, na ndiyo maana ikiwa nzuri inakaa miaka mingi bila kutoa sauti.

Poli ni jambo tofauti. Jina lake kamili ni poliyurethani; mafundi wetu wamelikata. Ni plastiki yenye unyumbufu, jamaa ya ile inayotengenezewa soli za viatu na magurudumu ya vitoroli. Bushi ya poli kwa kawaida haijashikanishwa na chochote. Huja kama vizibo viwili vinavyoingizwa kutoka pande mbili za tundu, na kipande cha bomba la chuma kinachopita katikati. Mkono ukipanda, bomba huzunguka ndani ya poli kama bawaba ya mlango. Kwa hiyo inasuguana, na kinachosuguana kinataka grisi.

Ugumu wa vitu hivi hupimwa kwa kipimo kinachoitwa Shore A. Bushi nyingi za mpira za magari ya barabarani huwa kati ya 50 na 70. Za poli huanzia kama 70 hadi 95. Tofauti hiyo ukiisoma kwenye karatasi ni ndogo. Ukiikalia, si ndogo.

Vyote viwili vina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Charles Goodyear wa Marekani alipata hataza ya kupika mpira pamoja na salfa mwaka 1844, na bila hilo mpira ungekuwa unayeyuka juani na kukatika kwenye baridi. Poliyurethani ilitoka kwa Otto Bayer na wenzake, huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Na kwa wanaodhani mpira ni kitu hafifu: gari dogo la Mini lilipotoka Uingereza mwaka 1959 halikuwa na springi za chuma hata moja. Lilibebwa na koni za mpira zilizobuniwa na Alex Moulton.

Mara ya kwanza: mpira wa miezi minne

Baada ya ile siku ya daraja nilikwenda kwa fundi wa karibu na nyumbani. Akapandisha gari juu ya jeki, akatingisha gurudumu kwa mtaimbo, akanionyesha ufa. Nikanunua bushi za mpira dukani, si za bei ya chini kabisa, wala si za kampuni ya gari. Akazipiga presi, akarudisha loa amu, akakaza bolti huku gari bado liko juu, magurudumu yananing'inia. Nakumbuka vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimemshikia tochi.

Miezi minne baadaye "ko" ikarudi. Nikarudi na hasira. Fundi akasema mpira wa siku hizi ni bure, unatoka viwanda visivyojulikana. Muuza spea akasema vivyo hivyo, kisha akatoa chini ya meza pakiti ya vitu vyekundu vinavyong'aa kama peremende. "Mwalimu, weka poli usahau habari ya bushi."

Bei ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya mpira. Nikaweka gari zima: mbele, stabilaiza, na zile bushi mbili kubwa za boriti ya nyuma.

Mara ya pili: nilisikika kabla sijaonekana

Sitaisingizia poli. Wiki za kwanza nilifurahi. Usukani ulikuwa mzito kwa namna nzuri, gari linakwenda pale unapolielekeza. Kwenye ile kona ya kuingia daraja la Nyali halikuyumba tena. Nikishika breki lilisimama wima. Kwa mtu aliyekaribia kumgonga mama wa watu, hilo lilikuwa jambo la kushukuru.

Kisha vikaanza vitu vingine. Kila kiraka cha lami nilikihesabu. Matuta ya Kikambala, ambayo nilikuwa nimeyazoea, yalinipiga kiunoni. Gari likisimama na injini inanguruma, mlango wa dashibodi ulitetemeka. Na mamangu, ambaye ana tatizo la uti wa mgongo na kila mwezi nampeleka kliniki mjini, safari ya pili tu alinishika bega tukiwa Bamburi. "Mwanangu, gari hii imekuwaje? Afadhali uniwekee matatu." Mama huyo hawezi kupanda matatu. Alikuwa ananieleza kiasi cha maumivu.

Huko si kudeka kwake. Mpira laini kazi yake ni hiyo: humeza mtikisiko kabla haujafika kwenye bodi. Poli ngumu huupitisha. Na nguvu isiyomezwa na bushi haipotei. Huenda kwenye kitako kinachofuata, kwenye mabano ya chuma na viungo vya kuchomelea, na mwisho wake mgongoni mwa aliyekalia kiti.

Kiangazi kilipoingia, vumbi la barabara ya ndani kuelekea kwa mama likapenya, grisi ikakauka, na gari likaanza kulia kama mlango wa ghala la kale. Nikipita kwenye tuta la shule wanafunzi walinyamaza kabla sijafika darasani, walikuwa wameshanisikia. Nilipolirudisha, kijana wa gereji akapaka grisi ya kawaida ya bomba, ile nyeusi. Kelele ikakoma siku tisa. Baadaye nikajifunza kwamba bushi za poli hutaka grisi yake maalumu, nzito, ya asili ya silikoni, isiyosombwa na maji. Zikitoka kwa mtengenezaji wa kweli, kama Powerflex wa Uingereza au SuperPro wa Australia, huja na kipakiti chake. Zangu zilikuja bila kitu, hata jina.

Mara ya tatu: mzee aliyeomba kuona za zamani

Nina tabia moja ambayo mke wangu huicheka. Kila fundi akitoa spea nzee mimi huidai na kuitia kwenye katoni. Nilianza ili nisiibiwe. Safari hii katoni ndiyo iliyoniokoa.

Nilielekezwa kwa fundi mzee wa Kisauni, mtu asiye na bango. Nikamweleza kisa chote nikitarajia aseme poli mbaya, au mpira mbaya. Hakusema lolote kati ya hayo. Aliuliza, "Mwalimu, zile za mpira za miezi minne unazo?" Nikamletea katoni. Akaziosha kwa mafuta ya taa, akazikausha, akazishika juani.

"Hizi hazikuzeeka," akasema. "Tazama. Mpira bado mweusi, bado laini, kucha inaingia. Lakini umechanika upande mmoja tu, kwa mshazari. Hizi zilisokotwa. Alikaza gari likiwa juu?"

Nikakumbuka tochi yangu.

Alinieleza nami nikaelewa mara moja, kwa sababu ni jambo la akili tu. Gari likiwa juu ya jeki, mkono unaning'inia chini kuliko mahali pake pa kawaida. Ukikaza bolti hapo, unaifunga bushi ikiamini kwamba pale chini ndipo nyumbani kwake. Ukilishusha gari, mkono unapanda, na mpira unasokotwa kabla hujatoka hata kwenye geti. Gari likiwa limeegeshwa, limesokotwa. Ukilala, limesokotwa. Ukipita kwenye shimo, unaongeza juu ya msokoto ambao tayari upo. Mpira wa namna hiyo hauna maisha, hata ungetoka kiwanda cha Toyota chenyewe.

Njia iliyo sawa ni kuingiza bolti na kuzikaza kwa mkono tu, kisha kulishusha gari lisimame kwa uzito wake, au kuinua mkono kwa jeki ya pili mpaka gari linapoanza kunyanyuka, ndipo ukaze kabisa, kwa spana ya kupima nguvu ikiwa ipo. Kazi yote ni dakika kumi zaidi. Gereji nyingi hazina shimo wala njia panda za kupandishia gari, kwa hivyo kulala chini ya gari lililoshuka ni taabu, na dakika kumi hizo ndizo zinazorukwa.

Bushi ya poli haidhuriki na kosa hilo, kwa kuwa bomba lake linazunguka. Na hapo ndipo penye siri ya sifa yake mitaani. Fundi anayekaza gari likiwa juu ataona mpira unakufa kila mwaka na poli inadumu, naye ataapa kwa dhati kwamba poli ni imara kuliko mpira. Hasemi uongo. Anaeleza alichokiona.

Wapi poli inafaa, wapi haifai

Swali la kuuliza si nyenzo ipi ni bora. Uliza: hapa mahali pa bushi hii, chuma kinacheza vipi? Kama kinazunguka upande mmoja tu kama bawaba, poli hufanya kazi vizuri. Kama kinazunguka na pia kinajipinda pembeni, au kinatakiwa kirudi nyuma kidogo gurudumu linapogonga shimo, poli ngumu itapigana nacho.

Stabilaiza, ile fimbo ndefu inayozuia gari kulala kwenye kona, ni mahali pazuri pa poli. Fimbo inazunguka tu ndani ya bushi yake, na ugumu kidogo hapo unaondoa uyumbaji bila kuumiza mgongo wa mtu sana. Bei yake pia ni ndogo na kazi ni ya bolti nne. Kama unataka kuonja poli, anzia hapo.

Springi za bapa za nyuma kwenye pikapu na Hiace za matatu pia zinafaa. Macho yake na vile vibanio vyake huzunguka upande mmoja, mzigo ni mkubwa, na mpira wa hapo hubanwa ukatoka kama mkate uliokandamizwa. Wenye pikapu za kubeba samaki na mahindi wameniambia hawarudi nyuma, na naona sababu. Ila grisi iwepo.

Loa amu ya gari dogo ina bushi mbili, na hazifanani. Moja huwa ndogo, kazi yake kubwa ni kuzunguka. Nyingine, kwenye magari mengi huwa ile ya nyuma, ni nene na mara nyingi ina mianya iliyoachwa makusudi kwenye mpira. Mianya hiyo si upungufu. Imewekwa ili gurudumu likigonga ukingo wa shimo lirudi nyuma kidogo na kupunguza kishindo, huku kushoto na kulia likibaki limeshikwa. Ukiweka poli iliyojaa pale, umefuta kazi ya mhandisi. Na ukiweka ya mpira, fundi aangalie mianya imeelekea wapi kabla ya kutoa ile ya zamani, kwa sababu ukiizungusha robo tu, itakuwa laini pasipotakiwa na ngumu pasipotakiwa. Baadhi ya magari ya kifahari hata yana maji mazito ndani ya bushi hizo. Ukiona zimevuja, zimekwisha.

Boriti ya nyuma ya magari kama Fielder langu hupindika kwa makusudi gurudumu moja likipanda na lingine likibaki. Bushi zake mbili huvutwa kila upande. Hapo ndipo poli yangu ilipomwumiza mama kuliko mahali pengine pote.

Wenye Land Cruiser za zamani zenye ekseli nzima mbele, mfano ile ya mfululizo wa 80, wana tatizo lao. Mikono miwili mirefu inayoshika ekseli hupingana gurudumu moja likipanda juu ya jiwe, na bushi ndizo zinazoachia. Zikiwa ngumu sana, ekseli inakuwa kama fimbo moja isiyokunjika, na nguvu yote huenda kwenye vitako. Fimbo ya pembeni inayozuia ekseli isihame kushoto na kulia, hiyo waweke poli kwa raha zao.

Joto, chumvi na unyevu wetu

Mpira una maadui wake: mafuta, joto, na ozoni ya hewani inayoutia nyufa ndogo ndogo. Injini inayovuja oili juu ya loa amu itaua bushi nzuri kabisa, itavimba na kulainika kama embe bovu. Tibu uvujaji kwanza. Poli huvumilia mafuta na msuguano vizuri zaidi, hilo ni kweli na ni sifa yake kubwa.

Lakini poli si ya milele, na hapa pwani lazima tujue hili. Umewahi kutoa kabatini viatu vya arusi ulivyovihifadhi miaka, ukavaa, na soli zikamegeka vipande kabla hujafika ukumbini? Soli zile nyingi ni poliyurethani. Unyevu wa hewa pamoja na joto uliivunja polepole hata bila kuvaliwa. Poliyurethani iko ya aina mbili kuu: ya polyesta, ambayo ni rahisi kuvunjwa na unyevu, na ya polyetha, inayostahimili maji zaidi. Mtengenezaji anayejiheshimu hutaja aina ya nyenzo yake au huipa dhamana. Pakiti isiyo na jina haikwambii chochote. Rangi nayo si ushahidi. Kila kampuni ina mpangilio wake wa rangi na ugumu, nyekundu ya huyu si nyekundu ya yule.

Chumvi ya bahari hufanya ubaya wa namna nyingine. Bolti hushika kutu ndani ya bomba la bushi mpaka zikawa kitu kimoja. Fundi anaanza kupiga nyundo, kisha anawasha moto. Mzee wa Kisauni hukata bolti kwa grainda na kuweka mpya, na kabla ya kuingiza hiyo mpya huipaka grisi kidogo kwenye shina. Kuhusu moto, nisikilizeni vizuri: kuchoma bushi ili itoke ni kawaida jua kali, lakini moshi wa poliyurethani una gesi za sumu, zikiwemo kaboni monoksidi na sianidi. Msimruhusu kijana yeyote achome poli ndani ya kibanda. Itolewe kwa presi, au ikatwe kwa kisu.

Na tukumbuke magari yetu yanafika yakiwa na umri. Kenya hairuhusu gari lililotumika liingizwe likiwa limezidi miaka 8, na wengi tunanunua ya miaka 7. Gari linaweza kuwa limetembea kidogo huko Japani na rangi yake inang'aa, lakini mpira wake una miaka 7 ile ile. Ukilinunua, mwambie fundi atazame bushi kabla hujatazama redio.

Kutambua bushi iliyokufa

Usikimbilie kununua kwa sababu umeona nyufa. Nyufa nyembamba za juu juu ni mikunjo ya uzee tu. Unachotafuta ni mpira ulioachana na chuma, ufa unaoweza kuingiza ukucha, au bomba la ndani lililohama kutoka katikati. Ukiwa ndani ya gari utasikia mlio mmoja ukishika breki na mwingine ukiachia, usukani unahitaji kurekebishwa kila mara kwenye barabara iliyonyooka, au tairi za mbele zinaliwa upande wa ndani ingawa ulipanga magurudumu juzi. Ukishuka kwenye ngazi ya feri Likoni, zima redio usikilize. Pale gari husema yote.

Badilisha kushoto na kulia pamoja, na baada ya kazi upange magurudumu upya. Ukinunua mpira, tafuta ule wa kampuni ya gari au wa mtengenezaji mwenye jina, hata kama utasubiri mshahara. Zile bushi zinazochongwa kutoka kwenye tairi kuukuu, achana nazo kabisa. Wakati wa kuingiza mpira, maji ya sabuni yanatosha. Grisi ya mafuta huula.

Na usimame pale fundi anapokaza. Usione haya. Mimi husema tu, "Fundi, tushushe kwanza." Wengine hukasirika. Mmoja aliniuliza kama shuleni kwetu tunafundisha ugereji. Nikamwambia alipwe dakika kumi zake, na nikamlipa.

Fielder langu sasa lina mpira wa kampuni kwenye loa amu zote mbili, uliokazwa na mzee gari likiwa limesimama juu ya mbao nne alizozipanga kama ngazi. Mwezi wa kumi na nne huu, kimya. Stabilaiza ina poli, grisi yake ipo kwenye kopo ndani ya buti, na kila baada ya miezi michache naifungua mwenyewe. Boriti ya nyuma bado ina zile nyekundu zisizo na jina, kwa sababu kuitoa ni kazi ya siku nzima na karo zilikuja kwanza. Shule zikifungwa Disemba nitampelekea mzee. Hadi hapo, mama anakaa kiti cha mbele, na nikiliona tuta la Kikambala napunguza mwendo mapema, yeye akishika mpini wa mlango kabla sijamwambia.